Mabuti ya Anayekaa Nyuma

Minza mwanangu,

Leo mnadani uliniuliza swali mbele ya yule muuza mitumba, na mimi nikajifanya nakohoa. Ulisema, "Baba, wewe pikipiki uliendesha msimu mmoja tu. Unajua nini kuhusu mabuti?" Muuzaji akacheka, akasema, "Mzee, mwache mtoto apendeze." Ukalipa, ukayatupia begani yale ya kahawia yenye zipu, tukarudi nyumbani.

Sasa nakujibu. Na nakujibu kwa kuandika kwa sababu kwa mdomo nisingefika mwisho.

Mambo ya kuchemsha maji, chandarua, na nani wa kwenda kumsalimia kwanza ukifika Kimali kuanza kazi yako ya mifugo, mama yako ameshakwambia wiki nzima, na kesho asubuhi atayarudia yote. Mimi hapo sina la kuongeza. Mimi nataka tuongee habari za miguu.

Unaukumbuka ule mwaka walipoanza kuruhusu kampuni za watu binafsi kununua pamba? Ulikuwa darasa la tano. Kabla ya hapo tulikuwa tunapeleka kwenye ushirika, unapima, unaenda zako, unangoja. Halafu ghafla kila senta ya kununulia pamba ina mizani za kampuni hii na ile, na mkulima ambaye jana alikuwa anabembeleza mtu apokee pamba yake, leo anabembelezwa yeye, anaitwa mzee, anaulizwa habari za ng'ombe wake. Mimi nilipata uwakala kwa sababu nilimaliza la saba na mwandiko wangu ulisomeka. Wakanipa pikipiki nyekundu. Ilikuwa pikipiki ya kwanza kulala kwenye boma letu, na wewe na wadogo zako mliamka asubuhi mkaenda kuiangalia kama amezaliwa ndugu mwingine.

Pamoja na pikipiki nilipewa boksi lina mabuti, jozi mbili. Meneja aliyenikabidhi alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema, "Jozi moja yako, jozi moja ya atakayekaa nyuma. Na yeye ana miguu." Nikacheka. Nilidhani ni utani.

Sijawahi kuona kitu kama yale mabuti. Ukiyabeba ni mazito, ukiyavaa uzito unapotea, na hilo lilinishangaza siku nyingi. Niliyagonga kwa vidole kama mtu anavyogonga kibuyu kusikia kama kimekauka. Mbele yalilia kama ubao, kwenye kifundo yakalia tofauti, kisigino tofauti tena. Nikajiuliza kuna nini humo ndani. Wewe uliingiza mguu, buti likakufika juu ya goti, ukaanguka, ukacheka mpaka ukalia.

Hiyo ilikuwa jozi yangu. Ile ya pili hukuiona. Hakuna aliyeiona. Niliiacha kwenye boksi, nikaisukuma nyuma ya magunia.

Wa kukaa nyuma alikuwa mjomba wako Masanja. Nilimchukua mimi mwenyewe awe mpimaji wangu, kwa sababu ni mdogo wake mama yako na kwa sababu hakuna mtu aliyeweza kudanganywa na mizani akiwepo. Alikuwa anakaa nyuma kaikumbatia mizani, na miguuni ana katambuga zake za tairi, zile zile za kuchungia. Alikuwa anazisifu. "Shemeji, hizi zimeshatembea barabarani kabla yangu, zinaijua njia."

Sasa sikiliza nilichokifanya. Wenye kampuni wengine walikuwa wanagawa fulana na kofia. Mimi nikafikiri zaidi yao. Kwetu ukishampata manju wa ngoma, yule anayetunga na kuongoza nyimbo, umewapata watu wake wote, na msimu wa ngoma na msimu wa pamba ni mmoja. Wagika, kundi la ngoma la kwetu linaloshindana na Wagalu, walikuwa na manju anaitwa Gumha, mtu mfupi, sauti kubwa. Nikamfuata kwake, nikamwonyesha mabuti. Alichukua moja akapiga soli yake chini, mara moja, akasikiliza. Halafu akasema, "Haya mimi nikiyapiga uwanjani, Wagalu watarudi kwao kabla ya jua kuzama."

Nikampa. Jozi ya anayekaa nyuma.

Jumapili ile Gumha alicheza kama mtu aliyepewa miguu mingine. Kila akipiga chini vumbi linaruka, watu wanapiga kelele, Wagalu upande wa pili wanapiga yowe kumzomea lakini macho yote yako miguuni kwake. Halafu katikati ya wimbo akalitaja jina langu na mizani yangu. Juma lililofuata pamba ilipangwa foleni kwangu, wa kampuni jirani wamekaa kwenye viti vyao wananiangalia. Minza, sitakudanganya, nilifurahi. Mpaka leo nikikumbuka ile foleni kuna mahali ndani yangu panafurahi, halafu ndiyo nakumbuka mengine.

Masanja alikuwepo uwanjani, anapiga makofi kuliko wote. Tukiwa tunarudi akaniuliza, "Shemeji, mabuti ya Gumha mbona kama ndugu wa haya ya kwako?"

Nikamwambia, "Kampuni imempa. Ya matangazo."

"Ahaa. Na mimi ninayekaa huku nyuma nikiomba, watanipa?"

"Nitakuulizia."

Hilo ndilo neno nililosema. Nitakuulizia. Na yeye akanishukuru, "Wabeja, shemeji," akaendelea kupiga mluzi wa ule wimbo.

Tulianguka wakati msimu unaelekea mwisho, njia ya Sapiwi, pale barabara inaposhuka kwenye korongo la mchanga. Wanakijua wote kile kipande, unapaswa kupunguza mwendo kabla, siyo ukiwa ndani. Lakini mbele yetu kulikuwa na vumbi la pikipiki ya wakala mwingine, naye anaenda kwa yule mkulima tunayemwendea sisi. Masanja alisema mgongoni kwangu, "Taratibu, pamba haina miguu." Mimi nikaongeza. Tairi la mbele likazama, usukani ukageuka wenyewe, tukalala upande wa kushoto. Mguu wangu wa kushoto na mguu wake wa kushoto ikawa chini ya chuma kimoja, juu ya mawe.

Mimi nilivuta mguu, ukatoka. Nikasimama. Buti limechubuka pembeni, basi. Nikaukanyagia chini kuujaribu, mzima. Nikawaza, ajabu hii.

Ndipo nikamwangalia mwenzangu. Katambuga imekatika kamba, iko mbali kidogo, peke yake kwenye mchanga. Mguu umeangalia upande ambao mguu hauangalii. Na yeye ananiambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shemeji, itazame mizani kama imepona."

Hospitali walifanya walichoweza. Mguu ulishika lakini ulishika vibaya, unavyouona. Unajua mtu hawezi kufuata jembe la ng'ombe kwenye udongo wetu mweusi kwa mguu mmoja na nusu. Tangu mwaka ule mkewe ndiye anayeshika jembe, na Masanja anatangulia kuwaongoza ng'ombe kwa maneno. Watu wamezoea, wanaona ni kawaida ya boma lile. Mimi sijazoea.

Sasa ndiyo nafika pale nisipopenda kufika. Kampuni walikuja kuuliza. Meneja yule yule akaniuliza mwenzangu alivaa nini. Nikasema mabuti aliyakataa, eti yanambana, na kwamba tulipoyumba aliogopa akaweka mguu chini. Kila mtu anajua anayekaa nyuma haweki mguu chini. Kwa hiyo kosa likawa lake. Yule meneja aliniangalia kidogo, akafunga faili lake, akaondoka. Mimi nikafikiri maneno yale yamekwisha pale. Kumbe yalikuwa yanaanza. Yakafika senta, yakafika vilabuni, Masanja wakampachika jina la Breki. "Breki, umeamkaje? Breki, njoo utusimamishie mkokoteni!" Anacheka nao. Unamjua, anacheka na kila mtu.

Yale ya kwamba aliyakataa mabuti yalikufa pale kwa meneja, hakuna aliyemwuliza. Lakini ya mguu yeye mwenyewe ameyaamini. Ilikuwa haraka, hakumbuki vizuri, na mimi shemeji yake niliyekuwa mbele nimesema hivyo, basi ndivyo ilivyokuwa. Jumapili ulipoenda kumuaga alikwambia nini? Ulikuja kutusimulia hapa unacheka: "Mjomba amesema nikianza kuanguka nisiweke mguu chini kama yeye." Mama yako akacheka. Mimi nikatoka nje kwenda kuangalia mbuzi, na mbuzi walikuwa hawana shida yoyote.

Hakuweka mguu chini, Minza. Nilikuwa nasikia magoti yake yamenibana kiunoni mpaka tunagusa ardhi.

Uliniuliza najua nini kuhusu mabuti. Najua kwa sababu baada ya pale sikuweza kuacha kujiuliza kwa nini mguu wangu ulipona. Chuma ni kile kile, mawe ni yale yale. Siku moja nikachukua buti la kushoto, nikalilaza juu ya kigoda, nikalipasua kwa kisu. Mama yako akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Baba Minza, unachinja kiatu?" Majirani wakasogea. Mmoja akaomba awekewe maini.

Nilitoa vitu kimoja kimoja nikavipanga chini. Ndani ya soli kulikuwa na kipande cha chuma chembamba, kama ulimi, kinatoka kisiginoni mpaka katikati ya unyayo. Ndicho kinachozuia kiatu kukunjika kama chapati pikipiki ikikulalia. Kwenye kifundo, pande zote mbili, kuna kitu kigumu kama kipande cha beseni, kimelala juu ya sponji. Cha upande wa kushoto kilikuwa na ufa. Ule ufa nilikaa nao muda mrefu. Nikautia kidole. Ni mahali ambapo mfupa wangu ungevunjika, kikavunjika chenyewe. Na ugokoni kulikuwa na ubao mwingine wa plastiki, umejikunja kufuata mguu. Nilikuwa natafuta ndani ya kiatu kitu ambacho kichwani nilikuwa nacho tayari, hilo najua sasa. Lakini udadisi nao ulikuwa wa kweli, na haukuisha.

Tangu hapo kila mnada napita kwenye mitumba kugusa mabuti tu. Wauzaji wananiita Mzee Mnyongaji. Wananiona nakuja wanasema, "Ficheni viatu, mnyongaji huyo." Kwa sababu nashika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mkono mwingine, nakamua kama nguo iliyofuliwa. Kikijizungusha kama kanga, nakirudisha. Kiatu ambacho mikono ya mzee inaweza kukikunja, pikipiki itakifanya nini? Halafu nabana kifundo pande mbili kwa kidole gumba. Kidole kikizama, hamna kitu mle.

Nimejifunza kwa kukosea pia. Mabuti ya mvua niliyaamini sana kwa ajili ya matope yetu, mpaka niliposikia mtu wa Nassa gambuti lake lilishika kwenye ekzosi likayeyuka na soksi ndani. Mabuti ya jeshi usiyaguse, utaenda kuulizwa umeyapata wapi, na kwenye kifundo ni ngozi tupu. Na mtumba mzuri kwa macho unaweza kuwa umekaa bohari miaka, gundi imekufa. Ukunje soli kidogo uangalie inapokutana na ngozi. Mimi niliwahi kununua jozi nzuri sana, nikafika nayo nyumbani, soli zimebaki njiani.

Sasa ya kwako ya kahawia. Ulipokuwa unampakulia mdogo wako chakula niliyachukua nikayanyonga. Nisamehe. Yamezunguka. Kisigino ni kirefu, kitanasa kwenye pedeli siku unayotaka kutoa mguu haraka. Zipu ni moja tu, haina mkanda wa kuifunika. Ikibanwa ama inafunguka yote ama inagoma kufunguka, na wenye kukusaidia watakuwa wanahangaika nayo na wewe unalia. Kifundoni kidole kilizama. Ngozi ni nzuri, hilo nakubali. Ni nzuri kweli.

Na najua kwa nini uliyachagua. Utakuwa mwanamke wa kwanza kushuka kwenye pikipiki kwenye yale maboma, bibi mifugo mwenye umri wa binti zao, na wazee watakuangalia kuanzia chini kwenda juu. Hutaki waone askari, unataka waone mtu. Ningekuwa wewe ningetaka hivyo hivyo. Mimi huyu niliyekuwa nikifika senta nashuka polepole makusudi ili mabuti yaonekane kabla yangu, nitakulaumu kwa lipi? Nakwambia tu kwamba ng'ombe watakaa foleni ya chanjo hata kama umevaa kitu kibaya.

Kando ya mlango kuna mfuko wa sandarusi. Ndani kuna jozi nyeusi niliyoipata mnada wa mwezi uliopita. Ni mabaya, sikufichi. La kulia limechubuka, mikanda ya kufungia haifanani rangi. Nimeyapaka mafuta ya ng'ombe, kwa hiyo siku za kwanza mbwa watakufuata. Nilinyonga mpaka mikono ikauma, hayakugeuka. Yajaribu umekaa kwenye kigoda magoti umekunja, siyo umesimama, kwa sababu pikipiki huiendeshi umesimama. Vaa soksi mbili. Kisigino kikicheza ndani, ongeza kitambaa. Kisha inua kidole gumba cha kushoto kana kwamba unapandisha gia. Ukihisi buti linakuitikia, ni la kwako. Usipohisi, yaache, sitalazimisha mguu wa mtu.

Jambo moja nitaliomba, siyo ushauri, naomba. Watu wa mradi uliokuajiri wamekupa msaidizi wa kushika ng'ombe. Atakuwa anakaa nyuma yako. Waulize mabuti yake yako wapi. Waulize kwa mdomo wako siku ya kwanza, usiseme utauliza. Wakikwambia hakuna, mwambie apande baiskeli, na wewe nenda kwa mwendo wa baiskeli yake. Mtachelewa. Chelewa.

Mama yako nimemwambia leo jioni, kabla sijakaa kuandika. Aliendelea kuchambua mchele wako wa safari, halafu akaondoka akaacha ungo pale pale. Ni mdogo wake, ana haki. Ukiamka ukamkuta hanisemeshi usifikiri ni uchungu wa wewe kuondoka tu.

Gari la mradi kesho litazunguka kwanza Sapiwi kumchukua mwenzako wa kazi, na mjomba wako amesema lisimame kwake, ana kuku wako. Nimefikiri sana juu ya hilo. Ukishaisoma barua hii hutaweza kumwangalia usoni bila yeye kuona kitu, na sitaki alione kwako kabla hajalisikia kwangu. Kwa hiyo nitatoka na baiskeli alfajiri, nyie mmelala. Hutanikuta mlangoni. Nilitaka sana nikuone unavyopanda gari, na nilitaka kuona umevaa yapi. Nitakosa vyote viwili, acha nivikose.

Nitamwambia kulikuwa na jozi mbili. Nitamwambia ya Gumha ilikuwa ya kwake, na kwamba hakuweka mguu chini. Halafu nitaenda senta ya Sapiwi niwaambie wale wanaomwita Breki, yeye akitaka. Asipotaka nitanyamaza, safari hii aamue yeye.

Sijui atafanya nini. Miaka yote hii nimejua kila kitu kuhusu ule mguu isipokuwa hilo.

Mkifika pale kwake, ukiniona nimekaa ndani ya boma, shuka, uje tule wote kabla hamjaendelea. Ukiniona nimesimama nje barabarani na baiskeli yangu, mwambie dereva asimame kidogo, uniage hapo hapo, halafu uingie peke yako ukamsalimie mjomba wako. Usiniombee msamaha. Mwamkie tu vizuri, mwangaluka, mjomba, upokee kuku wake, na akikuuliza unaendeleaje na pikipiki mjibu anachouliza.

Mimi baba yako